Maporomoko ya Walensee: siku ipi, njia ipi, na shangazi mwenye goti bovu apite wapi

Swali la msomaji: Naishi Winterthur, Uswisi. Mwishoni mwa Juni shangazi yangu anakuja kunitembelea kutoka Moshi. Ana miaka 63, na goti la kulia linamsumbua akishuka ngazi. Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 12. Nataka kuwapeleka wote kwenye maporomoko ya Seerenbach pale Ziwa Walensee, kisha tutembee hadi kijiji cha Quinten. Tatizo ni kwamba niliwahi kwenda mwezi Septemba nikakuta uzi mwembamba wa maji ukutani, tofauti kabisa na picha. Kuna majira ambayo maji huwa mengi? Njia yote inawezekana kwa watu kama sisi? Tujiandae na nini?

Jibu: Ulichokiona Septemba ndicho kiasi cha kawaida cha Septemba. Maporomoko ya Seerenbach hayana bwawa wala barafu ya kudumu nyuma yake. Yanaishi kwa theluji inayoyeyuka na kwa mvua ya jana na juzi. Miezi yake mikubwa ni Mei na Juni, na mwishoni mwa Juni mtakuwa mkiani mwa msimu: mwaka wenye theluji nyingi mtakuta maji ya kutosha, mwaka mkavu mtategemea mvua. Ndiyo maana naanza na uchaguzi wa siku kabla ya njia. Wageni wengi hufanya kinyume chake. Wanapanga Jumamosi fulani mwezi mmoja kabla, wanapata jua zuri na ukuta mkavu.

Ili uweze kusoma dalili mwenyewe, elewa kwanza milima ile imeumbwaje. Uso wa Walensee uko mita 419 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 15 na kina kinachofika mita 151. Juu ya ufuo wa kaskazini umesimama mlolongo wa Churfirsten, vilele saba vinavyofuatana, kirefu kuliko vyote kikiwa Hinterrugg chenye mita 2,306. Upande unaotazama ziwa ni magenge matupu. Upande wa pili, kuelekea bonde la Toggenburg, mlima unalala taratibu na ndiko yaliko malisho. Mwamba wenyewe ni wa chokaa. Maji ya mvua na ya theluji hayakai juu ya chokaa: huingia kwenye nyufa, huyeyusha mwamba kidogo kidogo na kujichimbia mapango. Sehemu ya maji yanayonyesha upande wa Toggenburg hupita chini ya mlima mzima na kutokea upande wa ziwa. Malisho ya juu yanaweza kuwa makavu kabisa ilhali maji yanatiririka chini ya miguu ya ng'ombe.

Kwa hiyo pale Betlis, kitongoji kilicho chini ya maporomoko, unaangalia maji ya aina mbili yaliyosimama bega kwa bega. Aina ya kwanza ni Seerenbach yenyewe, kijito cha juu ya ardhi kinachoshuka kwa hatua tatu zenye jumla ya mita 585, na hatua ya kati peke yake ina mita 305. Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambayo kwetu tunaihesabu kuwa ndefu sana, ina mita mia mbili na ushei. Kijito hiki kina eneo dogo la kukusanyia maji, ndiyo maana hupungua haraka kikikosa mvua. Aina ya pili ni Rinquelle, chemchemi inayotoka kwenye mdomo wa pango katikati ya ukuta, ikaporomoka makumi ya mita na kuungana na Seerenbach. Hiyo inalishwa na tumbo la mlima, kwa hiyo hudumu kuliko jirani yake na hupanda ghafla theluji ikiyeyuka. Ukifika ukakuta uzi mwembamba juu lakini pango linatema maji kwa kishindo, safari yako haijaharibika. Geuza macho kushoto na kulia, usitazame juu tu.

Sasa siku. Wiki moja kabla, angalia kamera za mtandaoni za kilele cha Chäserrugg, ambacho ni kimojawapo cha Churfirsten na kina kituo cha gari la kamba. Ukiona mabaka ya theluji bado yamebaki kwenye mteremko wa kaskazini, akiba ipo. Kama kote ni kijani, subiri mvua. Halafu fuatilia utabiri wa MeteoSwiss, idara ya hali ya hewa ya Uswisi, kwa eneo la Weesen au Amden, vijiji vya karibu na maporomoko. Siku bora ni ile inayofuata mvua ya usiku mzima au ya siku nzima, yenye asubuhi iliyotulia. Chokaa hupitisha maji upesi, kwa hiyo ongezeko linaonekana ndani ya saa chache, na kupungua kwake pia ni kwa haraka. Ukichelewa siku tatu umelikosa. Kwa kuwa shangazi atakaa siku kadhaa, tenga siku tatu au nne za akiba badala ya tarehe moja, na usinunue tiketi ya treni isiyorudishwa mpaka jioni ya kuamkia safari.

Siku ya kuiepuka ni ile yenye utabiri wa ngurumo mchana. Juni hapa radi hujikusanya baada ya saa nane mchana, na ukuta wa Churfirsten unaficha mawingu yanayokuja kutoka upande wa pili. Utayaona yakiwa tayari juu ya kichwa.

Njia nzima kwenye ufuo wa kaskazini inaanza Weesen, inapita Betlis na Quinten, na kuishia Walenstadt. Ni zaidi ya kilomita 20 na inakula saa sita hadi saba za mwendo mtupu. Hiyo iondoe kichwani kwa safari hii. Kipande cha Quinten hadi Walenstadt kina mpando wa nguvu kisha mteremko mrefu, ndicho kinachomaliza magoti mazima, sembuse la shangazi. Mnachokihitaji kiko katika nusu ya kwanza.

Weesen hadi Betlis ni kama kilomita 5 za barabara nyembamba ya lami pembeni mwa ziwa, yenye vipande vilivyochimbwa ndani ya mwamba. Haina ugumu wowote, saa moja na robo hadi moja na nusu. Magari huruhusiwa kwa zamu, upande mmoja baada ya mwingine kwa saa zilizoandikwa kwenye kibao mwanzoni mwa barabara, hivyo yanakuja kwa makundi. Mkiingia kwenye handaki lenye giza, watoto wawe upande wa ukuta. Ukienda na gari lako mwenyewe na kukosa zamu, utakaa ukisubiri. Treni na miguu ni rahisi zaidi.

Kutoka Betlis hadi jukwaa la kutazamia maporomoko ni mpando wa dakika 20 hadi 30 kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa shangazi hesabu 45, na hesabu hizo hizo za kushuka, maana goti linalouma halipumziki kwenye mteremko. Jukwaani hamtaziona hatua zote tatu kwa pamoja. Mtakuwa karibu mno na ukuta. Mpangilio wote unaonekana kutoka ziwani, mkiwa kwenye meli, kwa hiyo mtu atakayepanda meli hapungukiwi na kitu. Kwa mawazo yangu ndiye anayepata picha bora.

Kuanzia Betlis kwenda Quinten mambo yanabadilika. Lami inakwisha, njia inapanda msituni mita mia kadhaa juu ya ziwa, na kuna sehemu nyembamba zenye mteremko mkali upande wa kulia, mizizi iliyojitokeza na mawe yaliyolainishwa na nyayo. Vibao vinaonyesha saa mbili na nusu hadi tatu. Mwisho wake kuna mteremko wa kuingia Quinten, nao unakuja wakati miguu imeshachoka. Hapo ndipo watu wengi huteleza.

Vibao vya Uswisi vina lugha yake. Alama ya njano peke yake ni njia ya kawaida ya matembezi. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, inayotaka viatu vya kushika na mtu asiyeogopa kimo. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wazoefu wa milima mirefu, na hamna shughuli nayo. Muda ulioandikwa ni wa kutembea tu, bila kusimama, bila kula, bila kupiga picha, na umekadiriwa kwa mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare. Kwa mtoto wa miaka 8, zidisha mara moja na nusu. Yaani saa tatu za kibao ni saa nne na nusu zenu.

Kwa hesabu hizo, pendekezo langu ni kugawanyika katikati na kukutana mwisho. Nendeni wote hadi Betlis. Kama ratiba ya meli ya siku hiyo inaruhusu, fikeni Betlis kwa meli badala ya kutembea barabarani: mnaokoa kilomita 5 za miguu ya mtoto na mnayaona maporomoko kutoka mbali kwanza, kabla ya kuyasogelea. Pandeni wote hadi jukwaani, polepole. Kaeni, kuleni. Kisha shangazi ashuke gatini Betlis na apande meli ya kwenda Quinten, wakati wewe na mwanao wa miaka 12 mnaendelea kwa njia ya msituni. Huyo wa miaka 8 aamuliwe na rekodi yake. Kama amewahi kutembea saa nne mlimani bila kubebwa, aje. Kama hajawahi, aende na shangazi, kwa kuwa katikati ya Betlis na Quinten hakuna barabara, hakuna basi na hakuna duka. Mtoto akigoma katikati ya njia, chaguo lako ni kumbeba au kurudi.

Kitakachoharibu mpango huu ni meli kuliko kitu kingine chochote. Zinazosimama Betlis ni chache kwa siku, na ratiba hubadilika kati ya siku za kazi, wikendi na msimu. Huduma iliyo ya uhakika zaidi ni ile inayovuka kati ya Quinten na Murg, kijiji kilicho ng'ambo, kwa sababu ndiyo njia ya kila siku ya wakazi wa Quinten. Kijiji hicho hakifikiki kwa gari. Huvuka mwaka mzima. Murg kuna kituo cha treni, dakika chache kutoka gatini. Ndiyo sababu nakushauri mtembee kutoka magharibi kwenda mashariki na si kinyume: mnamalizia mahali penye meli nyingi na treni karibu. Andika saa za meli tatu kwenye karatasi: mtakayoilenga, ya baada yake, na ya mwisho ya siku. Mwandikie shangazi karatasi yake pia, na umweleze kwamba ratiba hapa inahesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo 14:00 ni saa nane mchana na 16:00 ni saa kumi jioni. Mtu aliyezoea saa za Kiswahili akisoma 8:20 kwa haraka anaweza kuielewa kuwa mchana, na meli ikaondoka bila yeye.

Tiketi za meli angalia kivyake. Usidhani kila pasi ya treni inafunika meli za ziwa hili, wala usidhani haifuniki. Andika safari yako kwenye programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, nayo itakuonyesha bei baada ya kuingiza kadi mlizonazo. Watoto wa chini ya miaka 6 hupanda bure nchini humu, na kuanzia 6 hadi kutimiza 16 hulipa nusu. Ipo pia kadi ya mwaka ya mtoto anayesafiri na mzazi wake, na nyingine ya mtoto anayesafiri na mtu mzima asiye mzazi. Hiyo ya pili ndiyo inayomhusu shangazi akiwa peke yake na mjukuu. Watu wengi hununua ya kwanza wakashangaa kwa nini kondakta anadai nauli.

Mfano wa siku, ukifuata njia ya miguu kutoka Weesen: shukeni Ziegelbrücke, ambako treni kutoka Zürich hufika chini ya saa moja, mkachukua basi la kwenda Weesen. Mkianza kutembea saa tatu na nusu asubuhi, mnafika Betlis kama saa tano. Jukwaani saa sita kasorobo. Ondokeni hapo saa saba kasoro, msichelewe zaidi, nanyi mtaingia Quinten kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni mkiwa na nafasi ya kukosa meli moja bila wasiwasi. Kama saa saba na nusu imepita na bado mko chini ya maporomoko, acheni mpango wa msituni, rudini gatini wote. Uamuzi huo ufanyike Betlis, kwa sababu baada ya hapo kurudi nyuma kunakula muda sawa na kwenda mbele.

Kabla sijafika kwenye mavazi, neno juu ya hapo Ziegelbrücke, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 atapenda. Mfereji mtakaouona umebeba maji ya ziwa. Zamani mto Linth haukuingia Walensee; ulipita pembeni, ukamwaga kokoto zake kwenye mlango wa kutokea maji ya ziwa na kuuziba. Ziwa likapanda, Weesen na Walenstadt zikawa zinafurika na bonde likageuka kinamasi chenye homa. Kazi ya kuurekebisha ilianza 1807 chini ya Hans Conrad Escher, na mwaka 1811 mto ukageuzwa uingie ziwani ili kokoto zikae chini humo. Uso wa ziwa ukashuka takriban mita 5. Njia mnayotembea ufukweni isingekuwepo ilivyo bila kazi ile.

Viatu ndivyo vinavyoamua kama mtafurahi. Chokaa iliyolowa ni laini kama sabuni, na pale jukwaani hewa yote imejaa manyunyu. Raba za mjini zenye soli bapa zinafaa barabara ya lami tu. Kwa kipande cha msituni kila mmoja avae buti au viatu vya matembezi vyenye meno marefu ya soli, na viwe vimevaliwa walau wiki mbili kabla, la sivyo mtauguza malengelenge. Kuhusu shangazi, nina tahadhari mahususi. Moshi kuna mitumba mizuri ya buti za mlimani, pale soko la Memorial na kwingineko, nyingi zikiwa zimekaa stoo miaka. Tabaka la kati la soli, lile povu gumu linalobeba mguu, huoza lenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Nje kiatu kinang'aa, lakini baada ya saa moja ya kutembea soli inabanduka nzima. Mwambie akikunje kwa nguvu na abonyeze ubavu wa soli kwa ukucha. Kikitoa unga au kikionyesha nyufa, asikinunue. Akifika nacho hata hivyo, beba mkanda wa gundi ngumu, mita mbili zinatosha kukifunga kirudi nyumbani.

Fimbo mbili za kutembelea ni lazima kwake. Urefu sahihi kwenye tambarare ni ule unaoufanya mkono ukunje pembe mraba kwenye kiwiko; kwenye mteremko ziongeze sentimita 5 hadi 10, azitangulize zote mbili mbele, ndipo ashushe mguu wenye goti bovu kwanza. Hatua fupi fupi. Asijaribu kushuka haraka ili amalize maumivu mapema; goti huvimba usiku na siku mbili zinazofuata hatoki nje. Kama anatumia bandeji ya goti, aivae tangu Betlis, asisubiri liume.

Nguo: ziwani Juni jua linaweza kuwa kali kabisa. Quinten inaota mizabibu na tini kwa sababu ukuta wa Churfirsten unaizuia baridi ya kaskazini na kurudisha joto la jua. Lakini chini ya maporomoko manyunyu na upepo wa maji vinamgandisha mtu ndani ya dakika kumi. Koti la mvua kwa kila mtu, hata kama mbingu ni buluu, na fulana moja ya kubadilisha kwa kila mtoto iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Shangazi avae suruali, au gauni lisilopita katikati ya muundi. Gauni refu hukanyagwa kwenye ngazi. Kanga ije. Inakaliwa, inafuta maji, inafunika kichwa kwenye meli.

Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa mtu mzima, lita moja kwa mtoto, na chakula cha kutosha mpaka jioni. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, korosho. Migahawa ya Betlis na Quinten ipo, ila hufunguliwa kwa msimu na kwa siku zake. Msinywe maji ya kijito hata yakionekana safi, kwani chokaa haichuji. Kinyesi cha ng'ombe wa juu hushuka na maji yale yale.

Sasa hatari zenyewe, na hapa shangazi atahitaji maelezo kidogo. Amezoea maporomoko ya Materuni karibu na Moshi, ambako unatembea na kiongozi, unalipa kijijini, na mwisho wa njia kuna dimbwi unaloruhusiwa kuingia. Huku hakuna kiongozi, hakuna lango wala kiingilio, na maporomoko haya si ya kuoga. Mawe huanguka kutoka ukutani wakati wowote, zaidi baada ya mvua na wakati wa theluji kuyeyuka, ndiyo maana jukwaa limewekwa pale lilipo na si karibu zaidi. Usivuke uzio kwa ajili ya picha. Usiwaruhusu watoto kuingia kwenye mkondo hata ukionekana wa kufika kifundo: mvua iliyonyesha upande wa Toggenburg msiyoiona inaweza kuongeza maji ya chemchemi juani kweupe. Anayetaka kuoga aoge ziwani, Quinten au Weesen, akikumbuka kwamba maji ni ya baridi na kina huanza karibu na ufuo.

Njia ya Betlis hadi Quinten hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya mawe au miti iliyoanguka. Jioni kabla ya safari fungua ramani ya SchweizMobil au programu ya swisstopo na utazame alama za kufungwa njia. Pakua ramani uwe nayo kwenye simu bila mtandao, kwani chini ya magenge mtandao hupotea. Namba za dharura ni 112 ya jumla, 144 ya gari la wagonjwa, na 1414 ya Rega, uokoaji wa helikopta. Helikopta hulipiwa. Shangazi amepata viza ya Schengen kwa sharti la bima isiyopungua yuro 30,000. Soma masharti yake kabla hajasafiri, uone kama yanafunika matembezi ya mlimani na uokoaji. Baadhi huondoa vyote viwili kwa sentensi moja iliyojificha ukurasa wa nyuma.

Jambo la mwisho la afya ni kupe. Wapo katika misitu ya chini karibu Uswisi nzima, wanangoja kwenye majani marefu pembeni mwa njia, na hubeba magonjwa mawili ya kuyachukulia kwa uzito: Lyme, inayotibika kwa antibiotiki ikiwahiwa, na ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo, ambao una chanjo tu, hauna dawa. Watoto waishio huku muulize daktari wao kuhusu chanjo hiyo. Siku ya safari miguu ifunikwe, na usiku mkague nyuma ya magoti, kinena, kwapa, na kwenye nywele za watoto. Kupe akionekana, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Andika tarehe. Wekundu ukitanuka mahali hapo katika wiki zinazofuata, nenda hospitali, na shangazi akiwa ameshapanda ndege kurudi, amweleze daktari wa Moshi kwamba aliumwa na kupe Ulaya. Bila kuambiwa, daktari huko hatalifikiria.

Na mkiamka mkakuta mvua kubwa yenye radi, kuna mbadala: mporomoko wa Berschnerfall, karibu na kijiji cha Berschis kati ya Walenstadt na Flums, nje kidogo ya ncha ya mashariki ya ziwa. Ni mdogo sana kuliko Seerenbach, lakini unafikika kwa matembezi mafupi kutoka kijijini, hivyo mnaweza kusubiri mvua ipungue, mkaenda na kurudi kabla ya nyingine. Mvua ikikatika kabisa jioni, kesho yake asubuhi ndiyo siku yenu ya Betlis.